Elimu Iliyopanda Mto

Kutoka Kinshasa hadi Kisangani ni kilomita 1,734 za maji. Meli hupanda taratibu, hupita Mbandaka, Lisala na Bumba, na ikifika Kisangani safari imekwisha, maana mbele kuna maporomoko, na kwenye maporomoko kuna wavuvi Wagenia na mitego yao ya samaki iliyofungwa kwenye miti mirefu juu ya maji yanayochemka. Sehemu kubwa ya kilichofundishwa kwa karatasi mjini humo kwa zaidi ya miaka 100 ilikuja kwa njia hiyo: vitabu, daftari, ramani za ukutani, chaki, hata mitambo ya kuchapia. Anayetaka kumwelewa mwalimu wa Kisangani anayeshika tableti leo asianze na intaneti. Aanze na mto, na swali ambalo kila chombo cha kufundishia kilichotumika hapo kimelijibu kwa namna yake: ni nani aliyekijaza?

Chombo cha zamani zaidi cha darasani ninachoweza kukitaja kilikuwa kitupu. Mpelelezi Stanley alianzisha kituo chake kwenye maporomoko Desemba 1883, lakini wafanyabiashara Waswahili na Waarabu walikuwa tayari wanashuka mto Lualaba kutoka Nyangwe na Kasongo, na mwaka 1887 mfalme Leopold II wa Ubelgiji alimteua mmoja wao, Tippu Tip, kuwa gavana wa Stanley Falls. Watu wale walikuja na bunduki na biashara ya pembe na watumwa. Walikuja pia na mpunga, na Kiswahili, na chuo cha Kurani. Mtoto alipakata ubao, akaandika aya kwa wino, akairudia mpaka ikamkaa moyoni, kisha ubao ukaoshwa ukapokea aya nyingine. Ubao ule haukubeba neno ambalo mwalimu hakulijua. Vita vya 1892 hadi 1894 na majeshi ya Leopold viliwavunja nguvu Waswahili na Waarabu hao, lakini jamii yao ilibaki. Wabelgiji wakaiita ya arabisés, yaani walioiga Uarabu, na kuvitazama vyuo vyake kwa jicho la wasiwasi. Vyuo havikufa.

Kazi kubwa zaidi ya kupeleka maneno mbali, hata hivyo, ilikuwa mikononi mwa Walokele, wavuvi na wachuuzi wa mtoni waishio chini kidogo ya mji. Ngoma yao haina ngozi. Ni gogo lililochimbwa ndani kupitia mwanya mwembamba, na midomo miwili ya mwanya ule inatoa sauti mbili, ya juu na ya chini. Kilokele, kama lugha nyingi za bonde la Kongo, hutofautisha maneno kwa kupanda na kushuka kwa sauti, kwa hiyo mpigaji anaweza kuacha konsonanti na vokali zote akapeleka mdundo wa sauti peke yake. Tatizo ni kwamba maneno mengi yana mdundo mmoja. Dawa yake ilikuwa kurefusha: badala ya neno moja, mpigaji hupiga kifungu kizima kilichozoeleka, na urefu wa kifungu ndio unaomwezesha msikilizaji aliye kilomita kadhaa msituni kujua ni neno gani lililokusudiwa. Kila anayesomea mawasiliano ya kompyuta hufundishwa kanuni hiyo hiyo, kwamba ujumbe unaopita kwenye njia yenye kelele lazima ubebe ziada ili makosa yasahihishike.

Aliyeyaandika hayo kwa utaratibu alikuwa mwalimu wa shule. John Carrington, Mwingereza wa misheni ya Baptist, alifika Yakusu, karibu na mji, mwishoni mwa miaka ya 1930. Misheni hiyo ilikuwa imejengwa kwenye ukingo wa mto katika miaka ya 1890, ikawa na shule, hospitali na kiwanda kidogo cha uchapaji kilichotoa vitabu kwa Kilokele. Carrington alijifunza ngoma kwa wazee, akachapisha kitabu chake juu yake mwaka 1949, na jambo lililomsumbua ni kwamba vijana wa shule walikuwa hawaielewi tena. Shule iliyoleta herufi ndiyo iliyokuwa ikiwaondoa watoto kwenye chombo cha baba zao, basi akajaribu kuirudisha ngoma shuleni. Baada ya uhuru alifundisha katika chuo kikuu cha Kisangani, na mwaka 2011 Mmarekani James Gleick alipoandika historia ya habari duniani, sura ya kwanza aliianza na ngoma hizi na Carrington. Ningekuwa mtunga mitaala wa Tshopo, jimbo la Kisangani, somo la kwanza la kompyuta lingefundishwa kwa gogo la Kilokele, na tableti ingesubiri wiki ya pili.

Kwa upande wa Wakatoliki, padri Gabriel Grison wa shirika la Moyo Mtakatifu alifungua misheni ya Saint-Gabriel siku ya Krismasi 1897, na kutoka hapo shule za mapadri na watawa zikaenea. Vitabu vyao vilikuwa vya lugha za wenyeji kwa madarasa ya chini na vya Kifaransa kwa wachache waliopanda. Mtoto alijifunza kusoma, na papo hapo alijifunza kulipa kodi, kuosha mikono, kumheshimu mzungu wa bula matari, yaani wa serikali ya kikoloni, na kumshukuru mfalme wa mbali. Tunaweza kuyasema haya kwa uhakika kwa sababu vitabu vyenyewe vimerudi kwa njia ambayo waandishi wake wasingeiwazia: kituo cha Aequatoria cha Bamanya, karibu na Mbandaka, kilichotokana na jarida lililoanzishwa mwaka 1937 na mapadri Gustaaf Hulstaert na Edmond Boelaert, kilikusanya vitabu vya shule za kikoloni, na padri Honoré Vinck akaviweka kwenye intaneti pamoja na tafsiri na maelezo. Mwalimu wa historia mwenye simu na mega za kutosha, yaani kifurushi cha intaneti, anaweza leo kuwasomea wanafunzi ukurasa uliokuwa mbele ya babu zao, na kuwauliza ni nani aliyeandika ukurasa ule na alitaka nini. Sijui matumizi ya skrini darasani yanayoshinda hilo.

Kisha ikaja posta. Mwaka 1944 kijana kutoka Sankuru alifika Stanleyville, kama Kisangani ilivyoitwa wakati ule, akapata kazi ya ukarani wa posta, akasoma kila alichoweza kukipata na kufuata masomo kwa njia ya barua. Jina lake Patrice Lumumba. Elimu ya kwa barua ilikuwa ya pweke: maswali yanatoka mbali, majibu yanarudi mbali, na mwalimu hana sura. Lakini kwa mtu ambaye shule za wakati ule zilimfungia mlango kwenye ngazi fulani, bahasha ilikuwa ufunguo. Mashirika yanayogawa masomo ya intaneti hupenda kusema kwamba yamegundua mwanafunzi anayejifunzia nyumbani usiku baada ya kazi. Stanleyville ilimjua mapema.

Uhuru ulikuta nchi nzima ina wahitimu wa chuo kikuu wa kuhesabika. Mwaka 1963 makanisa ya Kiprotestanti yalianzisha Université Libre du Congo mjini Stanleyville, na kabla wino wa vyeti haujakauka uasi wa Simba uliuteka mji, Agosti 1964. Novemba wakashuka askari wa miavuli wa Kibelgiji, na chuo kikaendesha masomo yake Léopoldville, Kinshasa ya leo, kwa muda. Mwaka 1966 mji ukaitwa Kisangani. Mwaka 1971 Rais Mobutu aliviunganisha vyuo vikuu vyote kuwa kimoja, akagawa vitivo kwa miji, na Kisangani ikapewa saikolojia na sayansi ya malezi. Jambo hili halitajwi mara nyingi. Kwa miaka 10, hadi vyuo vilipotenganishwa tena mwaka 1981 na Université de Kisangani, yaani UNIKIS, ikasimama peke yake, aliyetaka kusomea sayansi ya malezi katika kitivo cha chuo kikuu nchini Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati ule, alipanda meli au ndege kuja kwenye maporomoko. Mji ambao haukuwa na vitabu vya kutosha ndio uliofikiria kwa niaba ya nchi jinsi vitabu vinavyopaswa kutumika.

Upungufu huo ulizaa desturi yake. Profesa anaandika maelezo ya somo, anayapiga chapa, mwanafunzi anayanunua, na syllabus ile inakuwa kitabu, maktaba na mtihani kwa pamoja. Wanafunzi wameilalamikia tangu enzi za Mobutu. Hata hivyo ilikuwa chombo kilichojazwa mjini, na mtu aliyeijaza ulimkuta ofisini.

Mto ulipofungwa, kila kitu kilifungwa. Vita vilivyoanza Agosti 1998 viliigawa nchi, na Kisangani ikabaki upande wa waasi, imekatwa na Kinshasa. Majeshi ya Rwanda na Uganda, yaliyokuja kama marafiki wa waasi, yalipigana yenyewe kwa yenyewe katikati ya mji kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000. Tathmini ya Umoja wa Mataifa ilitaja raia zaidi ya 760 waliouawa. Meli za biashara hazikurudi kwa uhuru hadi 2003. Chombo cha kwanza kilichoruka juu ya mstari wa vita kilikuwa redio: tarehe 25 Februari 2002 Radio Okapi, ya Umoja wa Mataifa na shirika la Fondation Hirondelle, ilianza kusikika, na Kisangani ilikuwa miongoni mwa vituo vyake vya kwanza pamoja na Kinshasa na Goma. Mtu wa mtaa wa Makiso alisikia habari za Kinshasa kwa Kiswahili wakati gunia la chumvi lilikuwa halijapata njia ya kutoka huko.

Redio ndiyo iliyoandaa njia ya tableti, na namna ilivyoandaa inastahili kuelezwa. Kati ya 2009 na 2014 mradi wa PAQUED, uliogharimiwa na Marekani na kuendeshwa na shirika la EDC, ulipeleka masomo ya redio katika shule za msingi zipatazo 3,000 za Équateur, Bandundu na Province Orientale, jimbo ambalo makao yake makuu yalikuwa Kisangani kabla halijagawanywa mwaka 2015 na Tshopo kuzaliwa. Masomo hayo hayakuwa hotuba. Sauti inauliza, inanyamaza, watoto wanajibu kwa pamoja; inamwambia mwalimu awapange wawili wawili, inanyamaza tena. Mtindo huu ulianzia Nicaragua mwaka 1974 kwa hesabu, na Kenya iliutumia miaka ya 1980 kufundishia Kiingereza. Uzuri wake ni kwamba humfundisha mwalimu huku akifundisha. Kasoro yake ni kwamba sauti haimsubiri mtu: darasa lililobaki nyuma linabaki nyuma, na aliyerekodi kipindi hajui.

Hapo ndipo tableti inapopata hoja yake ya kweli, maana inasubiri. Mtoto akikosea hesabu inamrudisha, akipatia inamsogeza. Lakini njia iliyofuatwa na vifaa hivi kuwafikia Wakongomani wanaosema Kiswahili inashangaza kidogo, kwa sababu ilipitia kambi za wakimbizi kabla ya shule za miji. Mwanzoni mwa 2014 shirika la Ufaransa la Bibliothèques Sans Frontières lilifungua Ideas Box zake za kwanza katika kambi za Wakongomani nchini Burundi, Kavumu na Bwagiriza: masanduku yaliyosanifiwa na Philippe Starck, yakikunjuliwa yanakuwa maktaba yenye vitabu, tableti, kompyuta na umeme wake. Kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, inayohifadhi Wakongomani tangu 1996, nayo ikapata madarasa ya Instant Network Schools, mpango ulioanzishwa mwaka 2013 na Vodafone Foundation pamoja na UNHCR: seti ya tableti, projekta, betri na sola.

Siri ya madarasa kama hayo ni kisanduku kidogo ambacho hakihitaji intaneti. Mwaka 2012 kikundi cha vijana wa chuo kikuu cha California mjini San Diego kilitengeneza KA Lite, programu iliyobeba video za Khan Academy ndani ya kompyuta moja na kuzigawa kwa vifaa vilivyo chumbani bila kuunganishwa na nje; ikafuatiwa na Kolibri. Kiwix inafanya vivyo hivyo kwa Wikipedia nzima. Mtu anajaza kifaa mahali penye mtandao, anakipakia kwenye gari au balenieri, yaani mashua ya mbao, kinafika, watoto wanasoma. Ni meli ya mto ile ile, yenye tofauti moja: shehena nzima inaingia mfuko wa shati.

Jaribio kubwa la Kiswahili lilifanyika Tanga. Global Learning XPRIZE, shindano la dola milioni 15, lilipeleka programu 5 za Kiswahili katika vijiji vipatavyo 170 tangu mwisho wa 2017, watoto wapatao 2,700, tableti za Google zilizochajiwa kwa sola. Zaidi ya 90 kwa mia hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili mwanzoni. Baada ya miezi 15 idadi ya wasiojua kusoma ilipungua kwa nusu. Mei 2019 zawadi kuu iligawanywa kati ya onebillion na Kitkit School, na programu zote 5 zikaachiwa wazi zitumiwe na yeyote. Nusu si haba. Ila jaribio lile lilipangwa kwa ajili ya mtoto asiye na mwalimu, na Kisangani shida ni nyingine: Septemba 2019 serikali ya Kongo ilipoanza kutekeleza elimu ya msingi bila malipo, watoto walijaa, na mwalimu yupo, amesimama mbele yao, mshahara wake unachelewa, na hakuna aliyemwuliza anataka kifaa gani. Sheria ya elimu ya Februari 2014 inataka madarasa ya mwanzo yafundishwe kwa lugha za taifa au lugha ya mazingira. Mjini Kisangani mtoto anacheza kwa Kiswahili au Kilingala, mara nyingi kwa vyote, halafu programu anayofunguliwa ni ya Kifaransa cha Paris, na tufaha mahali pa embe.

Machi 2020 Rais Félix Tshisekedi alifunga shule kwa sababu ya korona. Radio Okapi ikaanza kurusha masomo pamoja na wizara na UNICEF, na Vodacom ikafungua jukwaa la VodaEduc. Redio ilifika mbali. Jukwaa lilifika pale penye simu janja, penye mnara na penye umeme. Bwawa la mto Tshopo, lililojengwa miaka ya 1950 kwa mji mdogo kuliko huu, linaendeshwa kwa mitambo 3, na mitambo ikilala, mitaa ya Mangobo na Kabondo hulipia kuchaji simu kwenye kibanda chenye jenereta. Serikali yenyewe ilisaidia kwa mkono mmoja na kunyang'anya kwa mwingine. Mwaka 2019 ilitangaza mpango wa taifa wa dijitali hadi 2025. Septemba 2020, huku wazazi wakiambiwa simu ndiyo darasa, ikaanza kukata kwenye salio tozo iitwayo RAM: dola 1 kwa mwaka kwa simu ya 2G, dola 7 kwa ya 3G au 4G. Yaani simu yenye uwezo wa kuonyesha somo ilitozwa mara 7 ya ile isiyoweza. Makelele yalikuwa makubwa, na mapema 2022 tozo ikafutwa. Na aliyekuwa na imani kamili na mtandao aliipoteza mapema: baada ya uchaguzi, kuanzia tarehe 31 Desemba 2018, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa takriban wiki 3.

Watu wa mji walijibu kwa akili ya mto. Faili moja inashushwa na mwenye mega, kisha inapita kutoka simu hadi simu kwa Bluetooth, kwa kadi ya kumbukumbu, kwa kikundi cha WhatsApp cha darasa, hadi Lubunga, ng'ambo ya mto. Syllabus imekuwa PDF. Bado inatoka kwa profesa yule yule, bado inauzwa inapowezekana, na sekretarieti za mitaani bado zinaichapa kwa asiye na skrini. Sioni aibu katika hilo. Ndiyo maktaba inayofanya kazi.

Mahali ambapo intaneti imewapa wanafunzi wa Kisangani kitu ambacho mashua isingewapa ni kwenye mimea. Yangambi, kiasi cha kilomita 100 kushuka mto, ilikuwa makao ya INEAC, taasisi ya kilimo iliyoundwa mwaka 1933, na huko mtaalamu wa mimea Jean Louis alikusanya maelfu ya vielelezo kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Vingi viliondoka kwenda Ubelgiji. Kati ya 2015 na 2018 bustani ya Meise, karibu na Brussels, ilipiga picha vielelezo milioni 1.2, hasa vya Afrika, na kuviweka wazi. Mwanafunzi wa UNIKIS anayechuma jani Yangambi asubuhi anaweza kulilinganisha na jani lililochumwa msitu huo huo na Louis, bila viza. Majarida ya kilimo nayo yanafunguka bure kwa vyuo vya Kongo kupitia AGORA tangu 2003. Hii ni mali iliyotoka hapa, ikakaa ugenini, na inarudi ikiwa picha. Mwenye hasira ana haki ya hasira yake, lakini mwenye tasnifu ya kuandika anaifungua.

Mei 2025 mamlaka ya mawasiliano ya Kongo, iliyokuwa imekataza Starlink mwaka mmoja kabla, iliipa leseni. Shule yenye uwezo wa kununua sahani inaweza kuruka juu ya mto, mnara na bwawa kwa pamoja. Zinazoweza ni chache, na kwa nyingine kisanduku cha Kolibri kitabaki kuwa jambo la busara kwa miaka mingi. Lakini kujaza kisanduku kunahitaji watu wanaojua darasa la Tshopo lilivyo, na watu hao mji unao. Kitivo kilichoachwa na mgawanyo wa 1971 kinaendelea kutoa wahitimu wa malezi, na wengi wao wameandika kazi juu ya namna ya kufundisha hesabu, kusoma au sayansi katika shule hizi hizi. Kazi hizo zimefungwa kwa gundi na kupangwa rafuni, nakala chache kwa kila moja. Kuzipiga picha kunahitaji skana, umeme wa siku kadhaa na ruhusa ya mkuu wa kitivo.